Udongo wa Mama Thobias

Sikuwahi kumpenda Apolonia, na anayesoma hapa akitegemea nitampenda mwishoni atakuwa anapoteza muda wake. Nina miaka sitini na nne, nimefundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita, na mtu nikimchoka huwa nimemchoka kweli. Lakini hapa Nyasubi, mjini Kahama, kuna wanawake ambao siku hizi wakipita mbele ya meza yake ya karanga wanatema mate chini na kunong'ona kwamba ni mchawi wa watoto. Huo ni uongo. Mimi ninayemchukia kwa sababu zangu sitaki kuchanganywa na wanaomchukia kwa upuuzi, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla ya karanga Apolonia alikuwa akiuza pemba. Asiyeijua pemba amuulize mjamzito yeyote wa huku kwetu. Ni udongo uliopondwa, ukachekechwa, ukakandwa kwa maji na chumvi kidogo, ukaviringishwa kama kidole, ukaanikwa juani kisha ukapitishwa kwenye moshi. Mwenye mimba anautafuna kama mtoto anavyotafuna muwa. Wengine wanasema unakata kichefuchefu, wengine wanasema unaongeza damu. Kliniki wanasema unapunguza damu, na wajawazito wanawasikiliza kliniki kwa heshima zote huku shavu moja limevimba udongo.

Wauza pemba wapo wengi sokoni, ila ya Apolonia, au Mama Thobias kama tulivyomwita, ilikuwa na jina. Haikuwa na mchanga. Ukiitia mdomoni iliyeyuka, na ilikuwa na harufu ya ardhi iliyonyeshewa baada ya kiangazi kirefu. Alikaa kwenye baraza ya duka la Harish, kanga moja begani, na alikuwa na jicho la ajabu. Msichana alipita na ndoo yake, Apolonia akamwita, "Mama kijacho, njoo unuse kwanza!" na msichana akasimama ameduwaa kwa sababu hata mume alikuwa hajaambiwa. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu naujua mdomo ule tangu nikifundisha kule machimboni Mwakitolyo.

Alizaliwa kijiji kimoja upande wa Masumbwe. Mama yake alitengeneza pemba kutoka kwenye kichuguu kilichokuwa pembeni mwa shamba lao, na hakuna mtu aliyekigusa bila kumwambia kwanza mama huyo. Apolonia aliacha shule darasa la nne, lakini akiwa na miaka kumi aliweza kulamba udongo na kusema umetoka upande gani wa kichuguu. Akaolewa na Maige, wakazaa Vumilia na Adam hukohuko kijijini, watoto wawili wepesi kama sindano. Baadaye Maige akasikia kwamba Mwakitolyo kumetema, kwa maana ya kwamba dhahabu imeonekana, akafunga godoro na sufuria, na familia nzima ikahamia machimboni.

Machimboni hapakuwa na kichuguu hata kimoja kilichosimama. Vyote vilisawazishwa na watu waliokuwa wakitafuta kilicho chini yake. Apolonia, mwenye tumbo la mtoto wa tatu na hamu ya udongo inayomtoa machozi, akazunguka siku mbili na beseni kichwani. Alichokipata ni mwalo wa Bartholomeo.

Mwalo ni mahali wanapooshea mawe yaliyosagwa. Jiwe linasagwa kwenye karasha mpaka linakuwa unga, unga unaoshwa, wanatia zebaki ili ikamate dhahabu, wanaikanda kwa mikono kwenye beseni, halafu wanaichoma. Maji machafu na tope laini huishia kwenye bwawa pembeni. Bartholomeo alikuwa amekwishahama na kuliacha bwawa lake likauke. Ndani yake kulikuwa na tope jembamba lililopasukapasuka, laini kuliko sembe. Karasha ilikwisha kulisaga, maji yalikwisha kulichekecha, jua lilikwisha kulikausha. Kazi ambayo mama yake aliifanya siku tatu, Apolonia aliimaliza asubuhi moja.

Na aliuliza. Hilo lazima niliseme ingawa linanikera. Aliwauliza wachimbaji kama tope lile lina ubaya, nao wakamjibu kile ambacho kila mtu pale alikiamini, kwamba zebaki huondoka na dhahabu, na ikichomwa inaishia hewani, kinachobaki bwawani ni udongo tu kama udongo mwingine. Mimi mwenye cheti cha ualimu nilikuwa naamini hivyohivyo. Basi Apolonia akachota. Akatengeneza. Kwa kuwa ni mtu anayejali kazi yake, kila fungu alilotengeneza alilionja mwenyewe, miezi yote iliyobaki ya mimba ile. Wateja alikuwa akiwaambia kwamba udongo unatoka kwenye kichuguu cha kaka yake, kwa sababu mjamzito anataka kusikia neno kichuguu.

Nilikuwa namwona akitoka mwaloni na beseni. Nilidhani anakwenda kukandika nyumba.

Thobias aliingia darasani kwangu akiwa na miaka saba. Nimefundisha watoto zaidi ya elfu mbili, na wengi nimewasahau, lakini yule simsahau. Leo umemfundisha herufi "a" mpaka ameiandika vizuri, kesho anaitazama kama hajawahi kukutana nayo. Hakai. Ukimwambia akae anakaa, ukigeukia ubaoni yuko dirishani. Penseli ikivunjika analia kwa nusu saa, na mwenzake akimcheka anamng'ata. Niliamini, kama walimu wengi wa wakati wangu, kwamba hakuna ugonjwa wa namna hiyo usiotibiwa na fimbo.

Darasa langu lilikuwa na utaratibu. Aliyekosa alisimama, miguu pamoja, mikono mbele, viganja juu. Baada ya fimbo hakuishusha mikono mpaka niseme "Keti." Na hakuna aliyenyanyuka mahali bila ruhusa yangu. Wakaguzi walipokuja walisifu nidhamu ya darasa lile, nami nilivimba kichwa.

Apolonia alikuja Ijumaa moja nikiwa nafuta ubao. Mikono ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Hakuja kugombana, na hilo peke yake lilinishangaza.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Sema haraka, nina kikao."

"Wewe umesoma, Mwalimu. Nisaidie. Wale wangu wawili wa kwanza, niliowazaa nyumbani, wana akili, ukiwatuma wanakwenda wanarudi. Huyu niliyemzaa hapa ndiye yuko hivi. Na jirani yangu naye, wa kwake aliyezaliwa hapa yuko hivihivi. Je, hapa kuna kitu?"

Nilifuta ubao mpaka mwisho ndipo nikamjibu. "Kilichopo hapa ni malezi, Mama Thobias. Umemdekeza."

Aligeuka, akaushika mlango. Kisha akaniambia kwamba mdomo wangu unanuka dharau, akaondoka. Mwisho wa mwaka niliandika kwenye ripoti ya mtoto: "Mtukutu. Mzito. Hasikilizi." Mwalimu mkuu aliponiuliza ni watoto gani wanaozuia wenzao wasisome, jina la Thobias nililitaja la kwanza. Akafukuzwa shule, mama yake akaja kumchukua, na tangu siku hiyo hatukusalimiana njiani. Maige alikufa mwaka uliofuata, duara, yaani shimo la dhahabu, lilipotitia na kumfunika. Sikwenda msibani. Watu walisema nimefanya vibaya, na nilifanya vibaya kweli.

Nilipostaafu nilihamia kwa mwanangu Lusia hapa Nyasubi. Na nani alikuwa wa kwanza kuniona nikishusha mizigo? Apolonia, aliyekuwa amehama kabla yangu, amekaa barazani kwa Harish na sinia lake. Hakusema shikamoo. Alisema, "Mwalimu, umezeeka," kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

Lusia ana mtoto mmoja, Luka, wa miaka minane. Luka amerudia darasa la kwanza. Unamtuma chumvi dukani, hatua ishirini, anarudi mikono mitupu akiwa amesahau alitumwa nini, au harudi mpaka umfuate. Ana hasira za ghafla, anatupa sahani, kisha anakuja kukukumbatia kama hakuna kilichotokea. Nampenda mjukuu wangu kiasi kwamba mtoto akimcheka njiani natamani kumpiga kofi mimi mwenyewe, na uzee wangu huu. Mwezi Machi alileta daftari, mwalimu wake ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mtukutu. Mzito. Hasikilizi." Mwalimu huyo ni binti aliyekuja kwangu zamani kufanya mazoezi ya kufundisha. Maneno yale alijifunza kwangu.

Mwaka huu Lusia akapata mimba ya pili. Mimba ilipofika mwezi wa tano, nilimsindikiza kliniki, na pale tukamkuta daktari kijana, Masudi, aliyekuwa anafanya utafiti kuhusu pemba. Alikuwa amenunua udongo wa wauzaji tisa sokoni, akaandika kila mmoja ni wa nani, akaupeleka kupimwa. Lusia alipoingia kupimwa tumbo, Masudi aliniita pembeni.

"Mama, binti yako ameniambia anakula pemba ya muuzaji wa pale barazani kwa Mhindi. Ni kweli?"

"Anaificha kwenye kitenge, lakini anakula."

Akanionyesha karatasi. Tisa zote zilikuwa na madini ya risasi kidogo, na nyingine zilikuwa na sumu ya aseniki. Ya Apolonia ilikuwa na vyote hivyo na zebaki juu, nyingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa. Nikamuuliza zebaki inamfanya nini mtoto aliye tumboni, akanieleza kwa upole kwamba inapita kwa mama mpaka kwa mtoto, wakati ubongo ndio kwanza unajijenga. Mtoto anaweza kuzaliwa mzima wa kutazama, ana mikono yote na miguu yote. Mambo yanaonekana baadaye. Anachelewa kuongea, hatulii, anasahau alichofundishwa jana, ana hasira zisizo na sababu, mambo ya shule yanamshinda.

Alikuwa ananisomea ripoti zangu mwenyewe. Miaka ishirini na sita niliziandika kwa wino mwekundu, na mingi ya miaka hiyo ilikuwa kule machimboni.

"Na mjukuu wangu?" nikamuuliza. "Luka yuko hivyo kwa ajili ya hiki?"

"Kwa mtoto mmoja siwezi kukuapia, mama. Yapo mambo mengi, na nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya. Ninachokijua ni kwamba huyu wa sasa ana miezi minne mbele yake. Akiacha leo, tumemwokolea hiyo miezi."

Hapo ndipo mambo mawili yaliyokuwa kichwani mwangu miaka yote bila kusalimiana yalipokutana: Apolonia anayetoka mwaloni na beseni, na pemba laini isiyo na mchanga. Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa.

Kuna jambo la tatu, na nimelichelewesha kwa sababu naona aibu. Lusia alipokuwa na mimba ya Luka alikuwa anaishi hapa Kahama, nami bado nafundisha Mwakitolyo. Ni nani aliyekuwa akimpelekea pemba kila mwisho wa mwezi, imefungwa kwenye nailoni, imewekwa vizuri kwenye mkoba ili isivunjike? Nilimchukia Apolonia, sikumsalimia, lakini nilituma mtoto wa jirani akaninunulie kwake, na nikamwagiza amwambie achague iliyokauka vizuri. Mwanangu nilimpa kilicho bora.

Jioni nilimwambia Lusia kila kitu isipokuwa hilo la mwisho, nikidhani amelisahau. Alinisikiliza huku anamenya viazi.

"Mama, pemba ya Mama Thobias ni ya kichuguu. Ameniambia mwenyewe."

"Ni ya mwaloni. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ulimwona na beseni. Kwani mwenye beseni lazima anabeba sumu? Wewe unamchukia tangu zamani. Angekuwa anauza maji ungesema yana sumu. Na daktari huyo anakataza kila kitu, amenikataza hata soda."

"Lusia, mwanangu, ni miezi minne tu."

"Kichefuchefu ni changu, Mama, si chako. Yeye mwenyewe akiniambia ni ya mwaloni, nitaacha. Kwako wewe siachi."

Usinione mjinga kwamba sikutafuta njia nyingine. Nilipekua vitenge vyake nikatupa vipande chooni, akanunua vingine. Nilimwomba mume wake aseme. Akasema mambo ya wanawake hayamhusu. Siku zilikuwa zinakwenda na tumbo linakua, na kila nilipomsikia anatafuna kule chumbani, kile kisauti cha udongo kwenye meno, nilijiziba masikio kwa kanga. Nilibakiwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulikuwa wa Apolonia.

Nilikwenda Jumatatu asubuhi na karatasi ya Masudi kwenye mkoba. Siwezi kusema nilikwenda kuomba. Nilikwenda kumwaibisha mbele ya watu.

"Mwadila, Mwalimu," akanisalimia Kisukuma, kama mtu anayesalimia rika lake, na mimi ninamzidi zaidi ya miaka kumi.

"Udongo wako umepimwa hospitali," nikasema kwa sauti ya darasani. "Una zebaki. Unawalisha watoto wa watu zebaki kabla hawajazaliwa."

Wanawake wawili waliokuwa wananunua nyanya wakageuka. Apolonia hakutetereka.

"Nani aliyewapa ruhusa kupima udongo wangu? Umekuja kunivunjia biashara, mayu? Ulimfukuza mwanangu shule, sasa unataka kunifukuza na mimi sokoni?"

"Soma!"

"Sijui kusoma maandishi ya hospitali. Nisomee wewe, ndiyo kazi yako."

Nikamsomea. Nilisoma namba, hazikumwingia wala hazikuniingia mimi. Halafu nikamweleza alichosema Masudi kuhusu watoto, jambo moja baada ya jingine, kama alivyonieleza. Nilipofika kwenye kusahau alichofundishwa jana, mkono wake uliokuwa unapanga vipande kwenye sinia ulisimama.

"Rudia hilo," akasema.

Nikarudia.

"Na hasira?"

"Na hasira."

Alinitazama. Nimetazamwa vibaya na watu wengi, wazazi, wakaguzi, marehemu mume wangu, lakini vile sijapata kutazamwa.

"Nilikuuliza," akasema. "Ijumaa. Ulikuwa unafuta ubao. Nilikuuliza hapa kuna kitu, ukaniambia kilichopo ni malezi. Nilirudi nyumbani nikamchapa mtoto wangu, Mwalimu, kwa sababu msomi amesema nimemdekeza. Nikahamisha kitanda chake kisipate moshi wa wachoma dhahabu, nikaacha maji ya kisima kile, nikahangaika peke yangu kama kipofu. Na kumbe kitu kilikuwa mdomoni mwangu. Nimeendelea kukiuza miaka yote hii."

"Mimi nilikuwa sijui."

"Najua hukujua. Ungesema hujui, ningeuliza kwingine."

Nilianza kuikunja karatasi ya Masudi, akafika msichana mwenye tumbo changa, akanyoosha mkono kwenye sinia lililojaa. "Mama Thobias, nipe za leo."

Apolonia akafunika sinia kwa kanga. "Leo sina, mwanangu."

"Si hizo hapo?"

"Nimesema sina. Nenda nyumbani, kanywe uji."

Msichana akaenda zake akinung'unika. Apolonia hakuniangalia tena, akawa anafunga vitu vyake.

"Mlete Lusia kwangu kesho mchana. Hatakuamini wewe, na mimi nisingekuamini. Nitamwambia kwa mdomo wangu. Lakini na wewe utamwambia Thobias kile ulichonikatalia mimi."

"Nimwambie nini?"

"Wewe ndiye mwalimu," akasema, akajitwisha sinia.

Kesho yake tulikwenda. Lusia alikuwa nyuma yangu, anatafuna, makusudi nimsikie. Nyumba ya Apolonia ni vyumba viwili nyuma ya soko, uwanja umejaa mbao zenye pemba zilizoanikwa kwa safu, mamia ya vidole vya kijivu. Alimpa Lusia kigoda. Mimi akaniacha nimesimama.

"Lusia," akasema bila kuzunguka, "nilikudanganya. Huu si udongo wa kichuguu. Nauchota Mwakitolyo kwenye bwawa la mwalo, mpaka leo nafuata huko kwa sababu ndio mnaoupenda. Niliambiwa hauna kitu. Una kitu. Tema."

Lusia aliacha kutafuna. "Na wakati ule wa Luka?"

"Ni uleule. Mama yako alikuwa akiagiza kwangu. Akisema nimchagulie iliyokauka vizuri."

Nilitegemea Lusia amgeukie Apolonia. Alinigeukia mimi. Hakuwa amesahau, alikuwa hajawahi kuyaweka pamoja, kama mimi. Alitema kwenye kiganja chake, akaangalia alichokitema, akakifuta kwenye ubao. Kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa kifurushi kizima, akakiweka chini miguuni kwangu.

"Kwa daktari nitakwenda mwenyewe," akasema. "Usinisindikize." Akatoka. Mpaka leo ninapoandika ana miezi saba, hajaonja udongo tena, na kwangu mimi anasema salamu tu.

Basi nilikuwa nimepata nilichokifuata. Nasema ukweli: nilishika mkoba wangu nikaanza kutoka. Nilijiambia Lusia ana hasira, nimfuate, hilo la Thobias litasubiri siku nyingine. Mtu mzima hakosi sababu.

"Mwalimu," Apolonia akaita.

Thobias alikuwa anatoka mlango wa nyuma amebeba beseni la udongo uliokandwa. Ana miaka kumi na saba, mrefu kuliko mlango, ndevu zimeanza kidevuni. Mama yake aliniambia baadaye kwamba hajui siku za wiki kwa mpangilio, na dukani anakwenda na kikaratasi. Aliponiona alisimama. Akaweka beseni chini polepole. Akaunganisha miguu, akanyoosha mikono mbele, viganja juu.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mtoto niliyeandika kwamba hakumbuki kitu.

"Marahaba," nikasema. "Shusha mikono, Thobias."

Hakushusha. Udongo mbichi ulikuwa unamchuruzika kutoka kwenye vidole, unaangukia miguu yake. Nikamwambia tena ashushe, mikono ikabaki palepale. Nyuma yangu Apolonia akasema, na safari hii bila hasira, jambo lililoniuma zaidi, "Si hivyo. Neno lake unalijua."

Nililijua.

"Keti," nikasema.

Akaketi palepale chini, kwenye vumbi, katikati ya mbao. Usiku nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri, ya kueleza na ya kujieleza. Yote yalikuwa yamekwenda. Nikamwambia, "Hukuwa mtukutu, Thobias. Ulikuwa unaumwa, nami nikakupiga. Kosa lilikuwa langu."

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu, kwa sauti ya kuimba, kama nilivyowafundisha wote kujibu.

Mama yake akalichukua beseni, akalimwaga lote kwenye shimo la taka. "Leo hatukandi tena, baba," akamwambia. "Nenda kanawe mikono."

Hakunyanyuka. Alikuwa ananitazama mimi, akisubiri ruhusa.